Kastadi na Kastadi ya Barafu: Mwongozo kwa Majiko ya Kisangani

Kastadi ni rojo zito la maziwa, sukari na mayai, ambalo uzito wake hutokana na protini za yai zinazojikunjua kwa joto na kushikana zenyewe kwa zenyewe hadi zikayanasa maji ya maziwa katikati yao, ilhali kastadi ya barafu ni mchanganyiko wa asili hiyohiyo uliopikwa, ukapozwa, kisha ukagandishwa huku ukikorogwa bila kukoma. Maelezo hayo mawili yanakaribiana kiasi cha kumfanya mtu adhani kwamba ya pili ni ile ya kwanza iliyotiwa ndani ya frigo, na dhana hiyo imezaa mabakuli mengi ya kitu kigumu chenye punje za barafu, kisichomfurahisha mlaji wala kumlipa mwuzaji. Yai halifanyi kazi moja katika vyakula hivi viwili. Katika kastadi ya kawaida yai ndilo linaloushika mchanganyiko mzima; katika kastadi ya barafu kazi ya kushika huachiwa barafu yenyewe, na yai hubaki na kazi ya kupatanisha mafuta na maji pamoja na kuzizuia fuwele za barafu zisikue, yaani zile chembe ngumu ambazo maji huzifanya yanapoganda. Mpishi anayeielewa tofauti hiyo hujua mahali pa kuongeza viini, mahali pa kuongeza mafuta, na sababu ya chakula kimoja kuharibiwa na jambo lilelile linalokitengeneza kingine.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa kwanza, kwa sababu Kisangani imekaa kwenye njia panda ya mapishi mawili. Hoteli, maduka ya keki na vitabu vya upishi vya Kifaransa vimewazoesha watu kuliita rojo jepesi la viini na maziwa krimu anglezi, na lile zito lenye wanga, linalojazwa ndani ya keki, krimu patisieri. Lakini katika Kiswahili cha pwani, cha Nairobi na cha Dar es Salaam, kastadi kwa watu wengi ni ule unga wa manjano wa kopo unaokorogwa na maziwa ya moto. Unga huo uliundwa mwaka 1837 na Alfred Bird, mkemia wa Birmingham nchini Uingereza, ambaye mke wake hakuweza kula mayai bila kudhurika, na kwa hiyo hauna yai hata chembe: ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na ladha. Katika mwongozo huu jina kastadi limewekewa ile yenye yai, na unga wa kopo utatajwa pale tu unapohusika, kwa kuwa kitu kisicho na yai hakiwezi kuzaa kastadi ya barafu kwa maana kamili ya jina hilo.

Kazi ya moto

Kiini cha yai kikiwa peke yake huanza kukaza kati ya nyuzi 65 na 70 za Selsiasi, na ute huanza mapema kidogo kuliko hapo. Kikichanganywa na maziwa, chembe za protini hutawanyika mbalimbali na huchelewa kukutana, na sukari nayo huzidi kuzichelewesha, hivyo joto linalohitajika hupanda hadi kufikia nyuzi 80 na kidogo. Nyuzi 82 ni lengo zuri kwa rojo la kukorogwa. Likipita nyuzi 85 hivi, protini hukazana kupita kiasi, huyakamua maji zilizokuwa zimeyashika, na rojo hukatika likawa mabonge madogo yanayoelea ndani ya maji. Nafasi kati ya rojo lililoiva na rojo lililokatika ni ya nyuzi chache tu, na ufundi wote wa kastadi ya kawaida umo ndani ya nafasi hiyo finyu.

Kutokana na hayo, kuchemka si kipimo cha kuiva kwa kastadi. Maji huchemka karibu na nyuzi 99 mjini Kisangani, ambako ardhi iko mita 400 hivi juu ya bahari, na karibu na nyuzi 95 mjini Goma, ambao uko juu zaidi, kwenye mita 1,500 hivi, lakini yai hukaza kwa joto lilelile katika miji yote miwili. Anayesubiri mapovu ya kuchemka amekwisha kuiharibu kastadi yake.

Maziwa ni suala la pili, na hapa hali ya mkoa wa Tshopo, ulimo Kisangani, inahitaji kuzungumzwa waziwazi. Mkoa umo ndani ya msitu wa mvua, penye mbung'o na pasipo na malisho makubwa, hivyo ng'ombe wa maziwa ni wachache, na wafugaji wa karibu wako mashariki, katika nyanda za juu za Ituri na za Kivu, mbali mno kwa maziwa mabichi kufika yakiwa salama. Maziwa ya Kisangani kwa sehemu kubwa ni ya unga, na hilo si kasoro kwa kazi hii, kwa sababu unga wa maziwa halisi umebeba protini, mafuta na madini yote yanayohitajika. Madini hayo, hasa kalisi, ndiyo yanayozisaidia protini za yai kushikana. Anayejaribu kupika kastadi kwa maji matupu, viini na sukari atapata kitu chepesi chenye vipande vya yai. Gramu 130 za unga wa maziwa yenye mafuta yake yote, zikikorogwa katika mililita 900 za maji safi yaliyochemshwa, hutoa karibu lita moja ya maziwa ya kawaida.

Jambo linalostahili uangalifu zaidi ni maandishi ya kopo au mfuko. Baadhi ya unga unaouzwa katika masoko ya Afrika ni wa maziwa yaliyoondolewa mafuta yake na kutiwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese yaliyosafishwa, na kwenye orodha ya viambato mafuta hayo huandikwa kwa Kifaransa kuwa ni mafuta ya mimea. Unga huo hupika kastadi ya kawaida bila taabu, kwa kuwa huko mafuta si nguzo. Katika kastadi ya barafu, ambayo kisheria na kiladha husimama juu ya mafuta ya maziwa, haufai. Mnunuzi asome kabla ya kulipa.

Kwa nusu lita ya maziwa, viini 5 na gramu 80 hadi 100 za sukari vinatosha kutoa krimu anglezi nzuri. Mayai ya kuku wa kijijini ni madogo kuliko ya kuku wa kufugwa bandani, kwa hiyo mpishi mwenye mayai ya aina hiyo aongeze kiini kimoja au viwili, au, ikiwa ana mizani, apime gramu 85 hivi za viini badala ya kuhesabu. Viini na sukari vipigwe pamoja mara vinapokutana, kwa sababu sukari iliyomwagwa juu ya viini na kuachwa hivihivi huyafyonza maji yake na kuacha vijibonge ambavyo haviyeyuki tena. Maziwa yapashwe hadi yaanze kutoa mvuke, kisha yamiminwe kidogokidogo juu ya viini huku mkono mwingine ukipiga. Kumimina viini ndani ya sufuria ya maziwa ya moto, kinyume cha utaratibu huo, huviivisha vile vinavyotangulia kabla vingine havijachanganyika.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, hasa wale wanaopika kwa mbabula, yaani jiko la makala, ambalo moto wake haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe. Dawa yake ni kuweka bakuli la chuma lenye mchanganyiko juu ya sufuria ya maji yanayofukuta bila kuchemka kwa nguvu, ili mvuke uwe ndio unaopika na makala yasiguse chakula moja kwa moja. Mpishi akoroge kwa mwiko, akipitisha ncha yake chini na pembeni mwa bakuli bila kupumzika, hadi rojo liupake mgongo wa mwiko na mstari uliochorwa juu yake kwa kidole ubaki bila kufunikwa. Ishara hiyo hutokea karibu na nyuzi 80, na humtosha asiye na kipimajoto. Papo hapo bakuli liondolewe motoni, rojo lichujwe kwa chujio laini na chombo kitumbukizwe ndani ya beseni la maji baridi, kwa maana joto lililobaki katika chuma huendelea kupika hata baada ya moto kuachwa. Rojo lililoanza kukatika laweza kuokolewa likiwahiwa: vijiko vichache vya maziwa baridi na kupigwa kwa nguvu, au kusagwa ndani ya blenda, huvunja vijibonge vidogo, ingawa ladha ya yai lililoiva sana haitaondoka.

Kastadi isiyokorogwa, kama krimu karameli inayoivishwa kwa mvuke ndani ya vikombe, hufuata kanuni zilezile za joto, lakini hutumia mayai mazima, kwa sababu ute ndio unaoipa uwezo wa kusimama inapopinduliwa kwenye sahani. Hiyo ndiyo isiyopaswa kugandishwa kamwe: maji yaliyonaswa ndani ya wavu wa protini yakigeuka barafu hutanuka, huukata wavu huo, na siku barafu inapoyeyuka kikombe hubaki na sponji inayolia maji.

Krimu patisieri ina kanuni inayopingana kabisa na ya krimu anglezi, na ni vizuri sababu yake ifahamike ili pasiwe na kuchanganya. Kiini cha yai kina kimeng'enya cha amilesi, yaani protini inayouvunjavunja wanga, na kimeng'enya hicho kisipouawa kwa moto mkali hulifanya rojo lililokuwa zito jioni liwe jepesi kama maji asubuhi. Kwa hiyo rojo lenye wanga ni lazima lichemke, lipige mapovu kwa dakika moja au mbili huku likikorogwa, na halitakatika, kwa kuwa chembe za wanga zilizovimba huzizuia protini zisikazane. Anayechemsha rojo lisilo na wanga huliharibu, na anayeogopa kulichemsha lenye wanga huliharibu vilevile. Wanga wa mahindi ndio uliozoeleka katika kazi hii. Wanga wa muhogo, unaopatikana kwa wingi zaidi mkoani, hutoa rojo linalovutika na kung'aa, nao huchelewa kidogo kuyatoa maji yake unapokaa kwenye baridi, ila haubadilishi ukweli kwamba krimu patisieri ni ya kuliwa laini. Ikigandishwa na kuyeyushwa, wanga wake hujikusanya upya na kuyasukuma maji nje, na unga wa kastadi wa kopo hufanya vivyo hivyo.

Kazi ya baridi

Kastadi ya barafu kama bidhaa yenye jina lake ilienea kutoka Coney Island, New York, ambako ndugu wa ukoo wa Kohr, waliotoka Pennsylvania, waliuza mwaka 1919 aiskrimu waliyoitia viini vya mayai ili iwe laini zaidi na ikawie kuyeyuka. Wazo la kutia viini katika maziwa yanayogandishwa lilikuwa kongwe kuliko hapo. Kitabu cha mwalimu wa barafu wa Kifaransa, Emy, kilichotoka Paris mwaka 1768, kilikwisha kuzieleza krimu za barafu zenye mayai. Kilichokuwa kipya Coney Island ni namna ya kuuza: bidhaa ilitoka ndani ya mashine na kwenda moja kwa moja mkononi mwa mnunuzi, bila kupitia ghala la baridi kali. Baadaye jiji la Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin lenye ng'ombe wengi wa maziwa, likaifanya kuwa chakula chake cha fahari, na hadi leo yapo huko maduka ya tangu miaka ya 1930 na 1940 yanayoendelea kuiuza kwa utaratibu huohuo.

Sheria za chakula za Marekani ndizo zilizoifafanua kwa tarakimu: iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 10 ya uzito wake, na yabisi ya kiini cha yai, yaani kile kinachobaki maji ya kiini yakiondolewa, isiyopungua asilimia 1.4. Aiskrimu ya kawaida hutakiwa kuwa na kiwango kilekile cha mafuta, lakini yai lake lisifikie kiwango hicho. Sheria hizohizo huruhusu kastadi ya barafu iitwe pia aiskrimu ya Kifaransa, jina ambalo kwa msomaji wa Kisangani linaeleza mengi. Kwa kuwa karibu nusu ya kiini ni maji, kilo moja ya mchanganyiko huhitaji gramu 28 tu za viini ili kutimiza sharti, kiasi kisichofika viini viwili vya kuku wa kufugwa bandani. Sharti hilo ni dogo mno kwa anayetaka ladha, na mapishi ya nyumbani huanzia viini vinne kwa kilo. Hata hivyo linathibitisha jambo lililosemwa mwanzoni: nusu lita ya krimu anglezi inahitaji viini vitano ili isimame, wakati kilo nzima ya kastadi ya barafu inaweza kusimama kwa viwili, kwa sababu si yai linaloisimamisha.

Kinachoisimamisha hueleweka kwa kufuatilia maji yake. Maji matupu huganda kwenye sifuri, lakini sukari iliyoyeyuka ndani yake huyazuia, na mchanganyiko wa kastadi huanza kuganda nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Kila fuwele ya barafu inapotokea hutumia maji matupu na kuiacha sukari nyuma, hivyo maji yaliyobaki huzidi kuwa sharubati nzito ambayo huhitaji baridi kali zaidi ili nayo igande. Karibu na nyuzi 6 chini ya sifuri ni nusu hivi ya maji iliyoganda, na hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri sehemu yake hubaki sharubati. Kijiko cha kastadi ya barafu kwa hiyo kimebeba vitu vinne kwa pamoja: fuwele za barafu, matone ya mafuta, mapovu ya hewa na sharubati inayovizunguka vyote. Ulimi huhesabu ulaini kwa ukubwa wa fuwele. Zikiwa chini ya sehemu 50 za elfu za milimita hazihisiki, na zikizidi hapo mlaji huanza kutafuna mchanga.

Mwendo ndio unaozifanya fuwele ziwe ndogo. Mchanganyiko ulioachwa umetulia huganda polepole kutoka ukingoni kwenda katikati, na fuwele chache zinazotangulia huwa na muda wa kunenepa. Ukikorogwa na kukwanguliwa kwenye ukuta wenye baridi kali, fuwele mpya kwa maelfu huzaliwa, hukwanguliwa kabla hazijakua na kusambazwa. Kiini cha yai nacho huingia hapa kwa kazi yake ya pili: lesithini na protini zake zenye mafuta huyafunika matone ya mafuta ili yatawanyike sawasawa, huyapa mapovu ukuta wa kukaa, na huifanya sharubati iwe nzito ili maji yasisafiri kwa wepesi kuelekea kwenye fuwele zilizokwisha kukua.

Hewa ndiyo tofauti ambayo mnunuzi anaweza kuipima mwenyewe. Kastadi ya barafu iliyotengenezwa kwa uaminifu huongezeka ujazo kwa asilimia 15 hadi 30 tu inapokorogwa, wakati aiskrimu za bei nafuu huweza kuongezeka hata maradufu. Lita moja ya mchanganyiko kabla ya kugandishwa huwa na uzito wa kilo 1.1 hivi, ikiongezewa robo ya hewa, lita ya bidhaa iliyoganda hupima karibu gramu 880, na ikiongezwa maradufu hupima karibu gramu 550. Mizani ya sokoni na chombo cha lita moja vinatosha kuonyesha ni kiasi gani cha fedha ya mteja kimenunua upepo, na muuzaji anayetaka jina jema hana sababu ya kuiogopa mizani hiyo.

Kwa Kisangani, ambako krimu mbichi ya maziwa ni adimu na ya bei kubwa, asilimia 10 ya mafuta hupatikana kwa unga wa maziwa pamoja na siagi. Mchanganyiko wa kilo moja na ziada kidogo hutengenezwa kwa mililita 600 za maji yaliyochemshwa, gramu 130 za unga wa maziwa yenye mafuta yake, gramu 90 za siagi isiyo na chumvi, gramu 150 za sukari na viini 4 vya kuku wa kufugwa bandani. Siagi iwe ya maziwa. Majarini, ambayo madukani mara nyingi huitwa siagi vilevile, ni mafuta ya mimea na huacha utando mdomoni. Unga ukorogwe katika maji ya uvuguvugu pamoja na sukari, siagi iyeyushwe humo, kisha mchanganyiko upigwe kwa blenda, au kwa mchapo wa mkono kwa muda mrefu, hadi macho ya mafuta yaishe juu yake. Baada ya hapo viini huingizwa na kupikwa hadi nyuzi 82 kwa utaratibu uleule wa krimu anglezi, rojo huchujwa, hupozwa haraka ndani ya maji yenye barafu, na huachwa kwenye baridi ya nyuzi 4 kwa saa nne au usiku kucha. Mapumziko hayo si anasa: ndiyo yanayoyapa mafuta nafasi ya kuwa magumu na protini nafasi ya kunywa maji, na mchanganyiko uliogandishwa bila kupumzishwa huwa mwembamba na huyeyuka upesi.

Asiye na mashine ya umeme anaweza kutumia njia ya barafu na chumvi, ambayo ndiyo iliyoendesha kazi hii kwa karne kadhaa kabla ya umeme, na ambayo Nancy Johnson wa Philadelphia aliirahisisha kwa chombo chake cha kuzungushwa kwa mkono, kilichopata hataza mwaka 1843. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke hata chini ya sifuri, na barafu haiwezi kuyeyuka bila kuchukua joto mahali. Ikizungushiwa sufuria, hulichukua kutoka kwenye mchanganyiko uliomo ndani. Barafu yenye chumvi kwa kiasi cha karibu robo ya uzito wote huweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri katika hali bora, na hata katika ndoo ya nyumbani hushuka vya kutosha. Sufuria ya aluminiamu yenye kifuniko kinachobana, kwa kuwa aluminiamu hupitisha baridi haraka, iwekwe ndani ya ndoo kubwa ya plastiki, kwa kuwa plastiki huipitisha polepole. Kilo 4 za barafu iliyopondwa na kilo 1 ya chumvi zipangwe tabaka kwa tabaka kuizunguka, zisifike kwenye kifuniko. Sufuria izungushwe kwa mikono huku na huku, na kila baada ya dakika mbili au tatu ifunguliwe, ukuta wake ukwanguliwe kwa mwiko bapa na vilivyoganda vichanganywe na vilivyo laini. Maji ya chumvi yakiongezeka yapunguzwe na barafu iongezwe. Barafu inayouzwa kwa ajili ya samaki mara nyingi haikutengenezwa kwa maji ya kunywa, hivyo tone lake lisiingie ndani, na kifuniko kifutwe kila kabla ya kufunguliwa. Kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na huisha pale mwiko unapoacha alama isiyofumbika na rojo linapong'ang'ania kuanguka.

Hapo ndipo kastadi ya barafu huliwa. Aiskrimu ya kawaida, baada ya kutoka kwenye mashine, hupelekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri ili ikaze na kuhifadhiwa, na huuzwa karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri. Kastadi ya barafu huuzwa karibu na nyuzi 8 chini ya sifuri, siku ileile iliyotengenezwa. Tofauti hiyo ya nyuzi chache ina uzito mkubwa katika mji unaolishwa umeme na kituo cha SNEL, shirika la umeme la taifa, kwenye mto Tshopo, ambacho mara nyingi hakitoshelezi mahitaji ya wakazi. Kila umeme unapokatika, fuwele ndogo ndani ya kongeleta huyeyuka kwanza, na unaporudi maji yake hugandia kwenye fuwele kubwa zilizosalia, hivyo baada ya mikatiko michache bidhaa iliyokuwa laini huwa na punje, hata kama haikuwahi kuonekana imeyeyuka. Aiskrimu inayohitaji kukaa ghalani kwa wiki kadhaa haiwezi kuuvumilia mtindo huo, lakini bidhaa inayotengenezwa asubuhi na kumalizika jioni huuvumilia. Kwa sababu hiyo mwuzaji mdogo wa Makiso au Mangobo afikirie kastadi ya barafu kabla ya aiskrimu ya kuhifadhi, atengeneze kiasi kidogo mara mbili kwa siku kuliko kikubwa mara moja, na aihifadhi kesho yake katika hali ya mchanganyiko uliopikwa na kupozwa, wala si katika hali iliyoganda.

Ladha zinazopatikana karibu zinatosha kuipa bidhaa sura ya mahali. Vanila hulimwa mashariki mwa nchi, na kahawa ya robusta ni zao la msitu huuhuu. Punje za kahawa zilizokaangwa na kulowekwa katika maziwa ya moto kwa nusu saa, kisha kuchujwa, hutoa harufu bila kuongeza maji. Matunda yanahitaji tahadhari. Nanasi na papai mabichi yana vimeng'enya, bromelaini na papaini, vinavyozikata protini, na vikiingia katika kastadi huifanya iwe nyepesi na chungu baada ya saa chache. Yachemshwe kwanza kwa dakika kadhaa, yapunguzwe maji, yapozwe, ndipo yatiwe. Maji ya pasheni na ya limau huyakata maziwa ya moto, hivyo huingizwa katika mchanganyiko uliokwisha kupoa, dakika za mwisho za kukoroga. Ndizi mbivu haina masharti hayo, ila hugeuka rangi upesi.

Usalama ni uleule kwa vyakula vyote viwili hadi pale vinapoachana njia. Yai na maziwa ni chakula cha vijidudu kama kilivyo cha binadamu, na bakteria wa salmonela, ambao huweza kuwa ndani ya yai lenye ganda zima, hufa katika joto la nyuzi 82 lakini hawafi kwa baridi. Kugandisha huwalaza tu. Kwa hiyo mapishi ya kastadi ya barafu yanayotumia viini vibichi hayafai kuuzwa. Rojo lililopikwa likiachwa mezani katika hewa ya Kisangani, ambayo mchana huzidi nyuzi 28 kwa kawaida, lisikae zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa au kuingizwa kwenye baridi, na krimu anglezi iliyohifadhiwa vizuri iliwe ndani ya siku mbili. Kastadi ya barafu iliyoyeyuka ikiwa bado ni baridi ya kuumiza kidole, na haijapita nusu saa, yaweza kurudishwa kwenye sufuria ya barafu na chumvi ikakorogwa upya. Haitapata ulaini wake wa kwanza, lakini ni salama. Iliyoyeyuka usiku, wakati umeme haukuwapo na saa hazijulikani, imwagwe, hata kama asubuhi imekutwa imeganda tena na kuonekana nzima.